Kabureta Mpya kwa MGB ya Arusha: Kuichagua, Kuifunga na Kuipima kwa Hewa ya Huku Juu

Kabla hujatuma hela Nairobi au Uingereza kununua kabureta, hakikisha kabureta ndiyo yenye ugonjwa. Dalili zinafanana mno. MGB (gari la michezo la Kiingereza) inayotoa moshi mweusi, inayonuka petroli, inayozima kwenye foleni na kukosa nguvu kwenye mpando wa Ngaramtoni inaweza kuwa na kabureta iliyochoka. Inaweza pia kuwa na pointi zilizoungua, kondensa dhaifu au valvu ambazo hazijapimwa kwa miaka. Fundi akianza na kabureta, anapunguza au kuongeza mafuta ili yaendane na moto (cheche za plagi) mbovu, na siku moto ukitengenezwa, mafuta nayo yanakuwa yameshakosewa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iko mbali na kabureta. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Weka nafasi ya valvu milimita 0.38, pointi za distribuita kati ya milimita 0.35 na 0.40, na plagi milimita 0.64. Weka taiming kwa namba ya injini yako, maana matoleo hayafanani. Gari likiendelea na matatizo baada ya hapo, sasa fungua boneti uitazame kabureta.

Mwongozo huu ni wa MGB yenye injini ya B-Series ya sentimita za ujazo 1,798, gari lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 na ambalo kwa muda mrefu lilitoka kiwandani likiwa na kabureta mbili za SU, chapa ya Uingereza. Mwenye Datsun 240Z naye atapata mengi humu. Gari lile, ambalo watu wa huku wanalikumbuka kwa kushinda Safari Rally 1971 na 1973, liliuzwa likiwa na kabureta mbili za Hitachi zinazofanya kazi kwa mtindo uleule wa SU. Vipimo vitatofautiana, lakini njia ya kazi ni ile ile.

Imekufa au imechoka tu?

Kwenye SU, kinachokufa kwanza ni shafti inayobeba kipepeo cha kuruhusu hewa, pamoja na matundu yake mwilini mwa kabureta. Shika ncha ya shafti kwa vidole uitikise juu na chini. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, hewa inaingia pembeni bila kupimwa, na hakuna skrubu utakayozungusha ikaponya hilo. Kwa uhakika zaidi, washa injini iwe kwenye sailensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta), kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo sana kwenye ncha ya shafti. Mlio ukibadilika, umelipata tundu. Fanya hivyo nje, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, na usipulize kuelekea ekzosi, ambayo kwenye MGB ipo chini kabisa ya kabureta, upande uleule.

Shafti iliyolika si hukumu ya kifo. Fundi mzuri wa kukereza vyuma anaweza kutoboa mwili na kuweka bushi za shaba, ukanunua shafti mpya, sindano, jeti (kitundu cha kupitishia petroli) na gasketi. Kama miili haijapasuka na chumba cha juu, kinachobeba pistoni, hakijabonyea, napendelea njia hii kuliko kununua mtumba usioujua. Nunua nyingine pale mwili umepasuka, nyuzi za skrubu zimekwisha, au mtu aliwahi kupiga msasa ndani ya chumba cha pistoni. Chumba kilichopigwa msasa hakirudi.

Huku juu hewa ni nyepesi

Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya Uingereza havitakuambia, kwa sababu viliandikwa na watu wanaoendesha karibu na usawa wa bahari. Uwanja mdogo wa ndege wa Arusha uko mita 1,387 juu ya bahari. Hapo hewa ina uzito pungufu kwa takriban 13% ukilinganisha na ya pwani. Uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kule bondeni kati ya Arusha na Moshi, uko mita 894, na upungufu ni kama 8%.

Kabureta haijui habari hiyo. Inavuta petroli kama iko Tanga, wakati hewa inayoingia ni pungufu. Mafuta hayazidi kwa 13% kamili. Yanazidi kwa takriban nusu yake, kwa sababu petroli inayovutwa inafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Kwa Arusha hiyo ni kama 7% ya petroli isiyohitajika, na kwa uwanda wa Moshi kama 4%. Ndiyo maana kabureta mpya kabisa, iliyopimwa kiwandani, ikifungwa Njiro inaweza kusawijisha plagi ndani ya wiki. Kabureta haina kosa. Imepimwa kwa hewa nyingine.

Nguvu ya injini nayo inapungua kwa karibu kiasi kilekile ambacho hewa imepungua, na kabureta kubwa haiwezi kuirudisha. Naliweka wazi kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi wakati wa kununua: injini ya huku inavuta hewa pungufu kuliko ileile ikiwa Dar es Salaam, na ukubwa wa kabureta hautengenezi hewa isiyokuwepo. Kinyume chake, tundu kubwa linapunguza kasi ya hewa kwenye mzunguko wa chini, petroli inachuruzika badala ya kugeuka ukungu, na gari linajikwaa kila unapokanyaga pedali.

Uchague ipi

Kuna njia nne utakazopendekezewa.

Ya kwanza ni SU HS4 mbili, zenye mdomo wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Ndizo za asili kwa magari mengi ya aina hii. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata hitaji la injini, na sindano iliyofungwa chini ya pistoni inafungua na kuziba jeti. Kampuni ya Burlen ya Uingereza, inayomiliki jina la SU tangu 1996, bado inazitengeneza mpya pamoja na kila kipuri chake.

Ya pili ni HIF4, ndugu yake iliyokuja kwenye magari ya baadaye, ambayo boya lake (linalodhibiti kiwango cha petroli) liko chini ya kabureta yenyewe badala ya kuning'inia pembeni. Ni nzuri, lakini usichanganye moja ya HS4 na moja ya HIF4.

Ya tatu ni Weber 45 DCOE moja, yenye midomo miwili. Inapendeza macho na masikio, na kwa injini yenye kamshafti ya mashindano inafaa kweli. Shida yake kwetu ni jeti. Kila marekebisho yanataka jeti nyingine, na jeti hizo hazipatikani Unga Limited. Namba ya jeti ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita, hivyo jeti ya 145 ina tundu la milimita 1.45. Kanuni ya kuanzia ni kuchukua kipenyo cha choki ya ndani (koo la hewa, siyo choki ya kuwashia) na kukizidisha mara 4: choki ya milimita 36 inakupa karibu 145. Ile 7% ya Arusha inakushusha hadi 140. Ukiamua kununua Weber, agiza jeti za 135, 140 na 145 kwa pamoja, la sivyo utasubiri mzigo mwingine.

Ya nne ndiyo utakayoambiwa na kila fundi: "Mzee, tufunge ya Hilux yaishe." Nawaelewa. Inapatikana, wanaijua, na gari litawaka. Lakini manifoldi lazima itengenezwe upya, kebo ya mafuta ikatwe, na hewa ipinde kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa bila hesabu. Silinda za pembeni na za katikati hazitapata chakula sawa. Gari lililodumu nusu karne linastahili zaidi ya hapo.

Mimi nasimama na HS4 mbili, na sababu yangu kubwa ni hewa. Kuzipunguzia mafuta unazungusha nati moja chini ya kila kabureta, huagizi kitu. Ukishuka pwani unairudisha. Kama unaendesha muda wote Arusha na huendi mabondeni, agiza pia sindano za kupunguza mafuta: orodha za SU zina sindano ya kawaida, ya mchanganyiko mzito na ya mwepesi kwa injini moja. Hiyo nyepesi ndiyo yetu.

Ukipata za mtumba, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi au kwa mtu anayevunja gari, angalia kibati kidogo cha alumini kwenye skrubu ya kifuniko cha chumba cha boya. Kimeandikwa AUD na namba. Namba hiyo inakuambia kabureta ilitoka gari gani. HS4 zilifungwa kwenye magari mengi, na pembe ya chumba cha boya inatofautiana. Ukifunga ya gari lingine chumba kinakaa kimeinama na petroli inafurika. Kama kibati hakipo, ziweke sambamba na zako za zamani ulinganishe pembe, mikono ya kebo na kitobo cha vakyumu. Na usikubali chumba cha juu cha kabureta moja kikiwa kimebadilishana na pistoni ya nyingine. Vilikerezwa pamoja na vinafaa kuishi pamoja.

Kazi ya mezani

Usifunge kabureta moja kwa moja kutoka kwenye boksi, hata kama ni mpya. Tandika gazeti safi mezani.

Fungua chumba cha juu, toa pistoni, na safisha vyote viwili kwa petroli na kitambaa laini. Hakuna msasa, hakuna brashi ya waya. Pistoni inafanya kazi ikiwa kavu ubavuni. Oili inakaa ndani ya mrija wake wa katikati tu. Kuna jaribio linalosema ukweli wote: ziba matundu ya chini ya pistoni kwa plastesini, iingize chumbani pamoja na dampa yake (kifimbo cha kutuliza mwendo wa pistoni), geuza chini juu, kisha acha chumba kishuke kwa uzito wake. Kwa HS4 kinatakiwa kuchukua kati ya sekunde 5 na 7. Kikianguka kwa kasi zaidi, hewa inavuja pembeni. Kikikwama, kuna uchafu au kimebonyea.

Sindano ikae bega lake likiwa sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Kaza skrubu yake taratibu, kwani ni ndogo na inavunjika.

Boya linataka subira. Geuza kifuniko chini juu, boya likae kwa uzito wake kwenye sindano ya kufungia petroli, kisha pitisha mpini wa keekee wa milimita 3 hivi kati ya mkono wa boya na ukingo wa kifuniko. Uguse tu. Kipimo chenyewe ni sehemu moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3.2. Kwenye maboya ya nailoni yasiyo na mkono wa chuma hakuna cha kukunja. Unaongeza washa nyembamba chini ya kiti cha sindano.

Kisha kusawazisha jeti. Kwa kabureta zenye sindano isiyochezacheza, inua pistoni kwa kidole na iachie: lazima itue kwa mlio wa "tak" unaosikika, jeti ikiwa juu kabisa na pia ikiwa chini. Mlio ukiwapo jeti ikiwa chini na kupotea ikiwa juu, sindano inagusa ukuta wa jeti. Legeza nati kubwa ya jeti, bonyeza pistoni chini taratibu ili sindano ijitafutie katikati, kisha kaza. Rudia hadi mlio ufanane. Sehemu hii ndiyo ninayowasihi msiipite haraka: kabureta ambayo sindano yake inasugua haitatulia, na jeti itatobolewa upande mmoja.

Mwisho, pandisha jeti ilingane na daraja la kabureta (sakafu ya njia ya hewa), halafu ishushe mizunguko miwili kamili. Nati ina pande sita, hivyo hizo ni pande 12. Ndipo kiwanda kinapoanzia. Kwa Arusha anzia 10.

Kufunga

Toa waya wa ardhi wa betri kwanza. Kwenye MGB betri ziko nyuma ya viti, na magari ya kabla ya 1974 yana mbili za volti 6. Kumbuka pia kwamba ya kabla ya mwisho wa 1967 ardhi yake ni chanya. Usifuate rangi, fuata nyaya zilivyounganishwa kwenye bodi.

Piga picha kila springi na kila kiungo kabla ya kutoa. Kinga petroli iliyobaki kwenye mipira kwa chupa. Toa filta za hewa, kebo ya mafuta, kebo ya choki, bomba la vakyumu, kisha nati za kabureta.

Safisha uso wa manifoldi hadi ung'ae, na ulaze rula ya chuma juu yake. Mwanga ukipita katikati, uso umepinda. Mpangilio kutoka kwenye manifoldi kuja nje ni huu: gasketi, kizuizi cha joto cheusi, gasketi, bati la kukinga joto, gasketi, kabureta. Watu wengi huacha bati hilo kwa kuona ni pambo. Ekzosi iko chini yake, na kwenye mwinuko petroli inachemka mapema kuliko pwani. Bila bati, gari litazima kwenye foleni ya saa kumi jioni na halitawaka hadi lipoe.

Kaza nati kwa kupokezana, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu zote. Flanji ya alumini inapinda kirahisi, na ikipinda umerudisha uvujaji uliokuwa unaukimbia.

Tumia mpira wa petroli, siyo wa maji. Na pampu: kabureta hizi zinataka shinikizo dogo, karibu bar 0.2, kama linalotolewa na pampu ya asili ya SU. Pampu za magari ya EFI, yanayopuliza petroli kwa umeme bila kabureta, zinasukuma bar 2.5 na zaidi. Ukiifunga hiyo, boya halitaweza kufunga na petroli itamwagika juu ya ekzosi. Hapo gari linaungua, na anayeendesha yuko ndani.

Filta za hewa zirudi siku hiyohiyo. Vumbi la volkano la Kisongo na barabara za mashambani ni laini na lina makali. Halipaswi kuingia kwenye silinda hata kwa safari moja ya kujaribu. Tia oili nyepesi ya SAE 20 kwenye mrija wa dampa.

Kupima

Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata, na sikiliza pampu. Itagonga kwa kasi, kisha itanyamaza vyumba vikijaa. Isiponyamaza, petroli inavuja mahali. Kagua kila kiungo kwa tochi kabla ya kuendelea.

Injini ikishapata moto vizuri, legeza kiungo kinachounganisha shafti za kabureta mbili ili kila moja ijitegemee. Weka skrubu zote za sailensa mzunguko mmoja na nusu kutoka zinapoanza kugusa. Chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, mahali palepale. Rekebisha skrubu hadi mvumo ufanane. Kipimo cha hewa cha dukani kipo, lakini sikio lililotulia linatosha.

Sasa mafuta. Chini ya kila kabureta kuna kipini cha kuinulia pistoni. Iinue kiasi kidogo sana, kama milimita 0.8, usikilize:

Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Pandisha nati ya jeti upande mmoja. Injini ikishuka au kutaka kuzima, ni mwepesi. Shusha upande mmoja. Ikipanda kidogo kisha ikarudi kutulia, umefika.

Nenda upande mmoja kwa wakati, kabureta moja kisha nyingine, kwani ukigusa moja unaigusa na mwenzake. Pima tena mvumo wa hewa baada ya kila zamu. Sailensa ya mizunguko 800 hadi 850 kwa dakika inafaa. Ndipo ukaze kiungo cha shafti, ukihakikisha vipepeo vyote viwili vinaanza kufunguka kwa pamoja, na mwisho kabisa uunganishe choki.

Taiming inaweza kusogezwa mbele nyuzi 2 kwa huku juu, kwa kuwa hewa nyepesi inapunguza shinikizo ndani ya silinda. Ukisikia injini inagonga kwenye mpando, rudisha.

Barabarani

Njia ninayoipenda kwa jaribio ni kutoka Sakina kupitia Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, mpando mrefu unaolazimisha injini kuvuta kwa gia ya tatu. Katikati ya mpando, ukiwa umekanyaga, kanyaga klachi na zima swichi kwa pamoja, egesha salama, na uchomoe plagi injini ingali moto. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitafuta. Nyeusi yenye masizi, punguza upande mmoja. Nyeupe kavu, ongeza mmoja.

Mwenye gari Moshi afanye vivyo hivyo akipanda kutoka Himo kwenda Marangu, ila apime mjini kwake na si juu. Ukipima juu kabisa, ukishuka utakuwa na mafuta pungufu.

Hilo linanileta kwenye jambo la wanaosafiri. Kutoka Arusha kwenda Moshi ni kilomita kama 80, na hewa inaongezeka uzito kadiri unavyoshuka. Tofauti hiyo gari inaimudu kama hukulipima ukingoni mwa wepesi. Tanga au Dar es Salaam ni habari nyingine: hapo upungufu wa petroli unapasha valvu za ekzosi moto, na unaweza kuziunguza kwa mwendo mrefu wa kasi. Paka alama ya rangi kwenye nati za jeti ukiwa umeridhika na kipimo cha Arusha, kisha ukifika chini, tuseme Korogwe, shusha kila nati pande mbili. Ukirudi, zirudishe kwenye alama. Spana inayotosha nati hiyo ikae kwenye gari.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena nati za manifoldi injini ikiwa baridi, ongeza oili ya dampa kama imeshuka, na angalia chini ya vyumba vya boya kama kuna doa la petroli.